Somo la Nyuma ya Mlango

Kabla hajawa mtu wa kuhesabu pumzi walimwita Kiberiti, na jina lilimkaa. Alikuwa mfanya usafi katika jumba la ghorofa nne lenye ofisi za mawakili, daktari wa meno na, huko juu kabisa, ukumbi wa yoga. Ukimkanyagia sakafu yake mbichi aliwaka. Wakili mmoja mtu mzima, mwenye tai na mkoba, alishawahi kuamriwa asimame juu ya gazeti mpaka pakauke, naye akasimama. Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Aligombana na wapangaji wenzake bombani, aligombana na mwenye nyumba mlangoni, na mumewe alikuwa ameshaondoka miaka mingi. Wenye ndimi ndefu walisema hakuondoka, aliungua. Kiberiti alipolisikia hilo alicheka kwanza, kisha akaenda kumtafuta aliyelisema.

Aliyebaki naye ni mdogo wake. Walipishana miaka kumi na sita, na kati yao mama yao alizika watoto wawili, hivyo huyu wa mwisho alipokuja alilelewa kama yai. Alikuwa kitindamimba, wakafupisha wakamwita Kitinda. Alipofikia umri wa shule, dada mtu alimchukua mjini, akamsomesha, akamfundisha kufua na kupika, akamtafutia nafasi kwa fundi mkuu wa cherehani katika kiwanda cha sare za shule. Sasa Kitinda alikuwa na miaka ishirini na mitano, anashona kola kuliko wote pale kiwandani, na bado anakata uzi kwa meno ingawa aligombezwa kila siku. Neno la dada kwake lilikuwa amri. Alipenda kulitania kwanza, halafu akalitii.

Tuseme ukweli, Kiberiti hakuifuata yoga. Yoga ilimkuta kazini. Utaratibu wa ghorofa ya nne ulikuwa hivi: wanafunzi walivua viatu wakaviacha kwenye rafu ya koridoni, wakaingia, na saa tano kamili mlango ukafungwa. Hapo ndipo alipotakiwa kupiga deki koridoni, ili watakapotoka miguu mitupu baada ya saa moja wakute pamekauka. Kwa hiyo siku tatu za juma, kwa muda wa miaka miwili, alikuwa na mopu yake upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba, na sauti ya mwalimu ilimfikia kana kwamba hakuna ukuta. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mpole, lakini alipofundisha sauti yake ilijaa jengo.

"Usiukimbie mkao," alikuwa akisema. "Mwili utakuambia toka. Usiutii upesi hivyo. Kaa hapo hapo. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Maumivu ni mgeni. Mpe kiti, atakaa kidogo, kisha ataaga mwenyewe."

Baada ya maneno hayo palikuwa na ukimya mrefu. Kiberiti alisikia nyayo za mwalimu zikienda na kurudi kati ya mikeka, zikisimama, zikiendelea. Alidhani anakagua tu.

Mwanzoni aliwacheka. Mgeni gani wa kukaribishwa mgongoni? Watu wazima wamelipia kuumia, na yeye anaumia bure tangu saa kumi na mbili asubuhi. Lakini maneno ukiyasikia mara tatu kwa wiki huingia hata kama hukuyaita. Siku moja msimamizi wa usafi, bwana mwenye daftari la makosa, alimsingizia kwamba ameiba sabuni ya maji. Kiberiti alifungua mdomo amwage radhi, na badala yake akajikuta anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Alipomaliza kutoa pumzi ile ndefu, msimamizi alikuwa ameshaanza kujiuma ulimi mwenyewe, maana sabuni ilikuwa nyuma ya mlango wa choo alikoiweka msimamizi mwenyewe. Kiberiti aliinua ndoo yake. Alirudi ghorofani mwepesi, akishangaa ni nani huyo aliyekaa kimya ndani ya ngozi yake.

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi, ingawa hakuna aliyemwandikisha. Alijizoeza ndani ya stoo ya mifagio. Alisimama kwa mguu mmoja akishikilia rafu ya dawa za choo, na mara ya kwanza rafu ikamfuata chini pamoja na chupa saba. Mwalimu alisikia kishindo, akaja, akamkuta amekaa kwenye povu. Hakumcheka. Siku iliyofuata alimletea kipande cha mkeka wa mpira uliochakaa, akamwambia, "Siku moja uingie ndani, dada. Nafasi ipo."

"Nikiingia mimi, koridoni atakausha nani?" Kiberiti alijibu. Na kweli, nani angekausha?

Basi alijifunza kwa sikio, na alichojifunza alikipeleka nyumbani. Bombani, foleni ikipinda, alipumua. Mwenye nyumba akija na kelele zake alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lililomtisha mwenye nyumba kuliko matusi. Wapangaji walianza kusema kiberiti kimelowa. Yeye mwenyewe aliona kwamba analala vizuri, kwamba mgongo haumkamati tena akiinuka, kwamba siku inapita bila yeye kutafuta wa kumwashia. Nasema hili wazi kwa sababu ya yatakayofuata: mafunzo yale yalimfaa. Yalimfanya mtu mwema zaidi, na ni haki kuyapa sifa hiyo.

Akamfundisha na Kitinda. Jioni walitandika kile kipande cha mkeka kati ya kitanda na kabati, wakaketi magoti yakigusana.

"Dada, ukivuta hivyo utamaliza hewa ya nyumba nzima," Kitinda alisema.

"Funga mdomo, pua zipo za nini?"

Kitinda alikuwa na maumivu makali ya kila mwezi, ya kumlaza siku nzima amejikunja, na fundi mkuu alikuwa ameshachoka kusikia udhuru ule. Kiberiti alimshika mkono akamhesabia. Nne ndani, sita nje. Usiyakimbie, mdogo wangu, mpe kiti mgeni. Mwezi wa kwanza haikusaidia sana. Mwezi wa tatu Kitinda aliamka, akapumua nusu saa, akaenda kazini kushona kola. Huko alizieneza sifa za dada yake kwa wenzake wote. Mvumilivu hula mbivu, walisema, na nani angebisha? Jambo lilikuwa limefaa mara moja, likafaa mara ya pili, wakaliamini.

Jumamosi moja Kitinda alirudi mapema, mkono kwenye kitovu.

"Tumbo, dada."

"Ni siku zako?"

"Hapana. Nadhani ni chakula tu."

Walikaa kwenye mkeka. Kiberiti akahesabu, Kitinda akafuata, jasho likimtoka juu ya mdomo. Yalipungua kidogo, yakarudi. Hakula chakula cha jioni. Asubuhi ya Jumapili alitapika mara mbili, na maumivu yalikuwa yamehama kitovuni yakateremka upande wa kulia, yakatulia pale. Alilala amekunja goti moja. Kila alipolinyoosha uso ulibadilika rangi.

"Usipigane nalo," Kiberiti alimwambia. "Unakaza mwili, ndiyo maana linauma. Lainisha tumbo. Nne ndani."

"Nalainisha, dada. Halitaki."

Jirani yao wa chumba cha pili alikuwa dereva wa teksi. Kwenye saa sita mchana alisikia mtu akigumia kupitia ukutani, akabisha hodi akiwa na ufunguo wa gari mkononi. Kiberiti alitoka nje akaongea naye uani, akiurudisha mlango nyuma yake ili mgonjwa asisumbuke.

"Huyu tumpeleke," dereva alisema. "Gari lipo hapo nje. Dakika ishirini tumefika."

"Jirani, nakushukuru. Lakini tukikimbilia hospitali kila tumbo likivuta, tutahamia huko. Namfahamu mdogo wangu. Ameshapitia makubwa kuliko haya kwa pumzi tu."

"Mimi si daktari. Ila huo mguno si wa kuvutwa na tumbo."

"Na mimi si mtoto."

Hapo zamani angemfokea, na labda katika kufoka angeingiwa na hofu, na hofu ingemwingiza garini. Lakini alikuwa ametulia. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayejua anachofanya, na watu huwaamini watu wa namna hiyo. Dereva alikuna kichwa. "Basi tumwulize mwenyewe," akasema, na wakaingia ndani wote wawili.

Kitinda alikuwa ameegemea ukuta, simu pembeni yake juu ya shuka. Aliwatazama kwa zamu, dada yake na ufunguo wa dereva.

"Unataka kwenda?" Kiberiti alimwuliza. "Sema tu, mdogo wangu. Sitakasirika."

Kitinda alijivutia shuka. "Nitafanya kama dada anavyosema," alisema. "Tuendelee na pumzi."

Dereva aliaga akaenda kazini. Kiberiti alirudi kwenye mkeka, akamshika mkono, wakaendelea. Alihesabu mpaka sauti ikamkauka. Na saa nane mchana, katikati ya kutoa pumzi, Kitinda alifumbua macho.

"Dada," alisema, "yameondoka."

"Yote?"

"Yote. Nasikia kama mtu ameachia kamba." Alinyoosha goti polepole, na uso haukubadilika. Alicheka kwa mshangao, akaomba chai, akanywa nusu kikombe. Kiberiti alimkumbatia. Kisha alitoka uani, na hili ndilo atakalolikumbuka mpaka anaingia kaburini, alitoka uani akawatangazia wanawake waliokuwa wakifua kwamba maumivu ya siku mbili wameyatoa kwa pumzi tupu, bila kidonge. Alikuwa na furaha iliyochanganyika na majivuno. Mmoja alimwomba amfundishe na yeye kwa ajili ya kichwa chake. Kiberiti akasema njoo Jumanne.

Jumatatu asubuhi Kitinda alikuwa anaungua kwa homa, na tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Dereva hakuuliza kitu safari hii. Alimbeba yeye mwenyewe mpaka garini.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alibonyeza tumbo mara moja tu, akaita watu waje na kitanda cha magurudumu. Baada ya hapo ndipo alipomgeukia Kiberiti.

"Yalianza lini?"

"Jumamosi."

"Na hayakuwahi kupungua?"

"Yalikoma kabisa. Jana saa nane mchana."

Daktari aliandika kitu, kisha akaacha kuandika. "Ni kidole tumbo," alisema. "Kilikuwa kimevimba. Kikipasuka, maumivu hukoma kwa muda, watu wengi hudhani wamepona. Hapo ndipo usaha unaposambaa tumboni." Hakusema kwa kulaumu. Kiberiti angetamani alaumu.

Walimpasua, wakamsafisha, wakamtia mipira na dripu. Jumanne alasiri Kitinda alifariki. Kiberiti alikuwa amemshika mkono, na mpaka mwisho msichana yule alikuwa akijaribu kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne, kwa sababu dada yake hakuwa amemwambia aache.

Walimpeleka kwa mama yao, mwendo wa siku nzima kwa basi, wakamzika huko. Mama hakupiga makelele. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia maneno yale yale: "Dada yake alikuwa naye tangu mwanzo. Hakumwacha mkono hata dakika moja." Wageni walimgeukia Kiberiti kwa heshima. Alitaka kusema, akakosa pa kuanzia. Mtu akikusifu mbele ya kaburi unamkatizaje? Alirudi mjini na sifa hiyo.

Kazini alichukua mopu yake kama kawaida. Ijumaa ya pili mwalimu wa yoga alimkuta koridoni amesimama, maji yamepoa kwenye ndoo. Alimshika bega.

"Leo uingie," alisema. "Koridoni patakauka penyewe. Hutalipa chochote, na hutasema na mtu."

Kiberiti aliingia kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Aliwekwa mkeka wa mwisho, karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza akaliona somo ambalo kwa miaka miwili alikuwa akilisikia tu. Maneno yalikuwa yale yale. Usiukimbie mkao. Kaa hapo. Alikaa amenyoosha miguu, amejikunja mbele, mishipa ya nyuma ya magoti ikimvuta. Kisha ukaja ule ukimya mrefu, na zile nyayo. Aliona kwamba mwalimu hakuwa akikagua. Alikuwa akiinama kwa mtu mmoja mmoja, mdomo karibu na sikio, akinong'ona asimwaibishe mbele ya wenzake. Alifika na kwake, akainama.

"Sikiliza tofauti," alimnong'oneza. "Kama yanavuta, kaa nayo, pumua. Kama yanachoma, au yanakaa mahali pamoja kama msumari, hayo siyo ya kupumulia. Toka. Toka mara moja, wala usione haya."

Kiberiti aliinua kichwa. "Hilo unawaambia wote?"

"Kila mtu. Tangu siku yake ya kwanza. Kuna wenye kiburi, ukisema kwa sauti hawatoki, wanaona wametajwa. Sikioni wanatii."

"Mbona mimi sikuwahi kulisikia?"

Mwalimu hakuelewa anachoulizwa. Hakujua kwamba alikuwa na mwanafunzi mwingine, nyuma ya ukuta, anayepata nusu ile inayosemwa kwa sauti. Kiberiti aliinuka, akakunja mkeka vizuri kwa sababu ndiyo tabia yake, akatoka. Aliketi kwenye ngazi za jengo, palepale alipowahi kuwafokea watu wasipite, na watu wakampita huku na huku. Majuto ni mjukuu, husemwa. Huyu wake alikuja amekomaa, na hakuna pa kumtuma.

Mwisho wa mwezi aliomba ruhusa akapanda basi kwenda kwa mama yake. Njia nzima alipanga maneno. Hakuna mtu aliyemlazimisha kwenda. Angeweza kuiacha ile sifa ikae, mama azeeke nayo, na pengine watu wenye huruma wangesema hiyo ndiyo busara. Lakini alijua kwamba kila akiitwa dada mwema atakuwa anamzika Kitinda upya, na juu ya kaburi anaweka uongo.

Alimkuta mama uani, anachambua maharage kwenye ungo. Akamwamkia, akaitikiwa, akaketi chini kando yake. Walizungumza habari za njiani. Kisha akasema, "Mama, mimi sikumshika mkono tu. Nilimzuia."

Akasimulia yote. Ule mlango, pumzi, dereva na ufunguo wake, furaha ya saa nane mchana, wanawake wa uani, na maneno ya sikioni aliyoyapata wakati wa kuyatumia umeshapita. Hakujipunguzia hata neno. Alipomaliza alijaribu kuhesabu mpaka nne, hakufika. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilia zamani kabla hajawa mtu mtulivu, na hakujali nani anasikia.

Mama alikuwa ameacha kuchambua. Mikono yake ilikuwa imekaa tu ndani ya maharage.

"Ulipotoka nje kusema na huyo dereva," mama alisema, "Kitinda alinipigia simu."

Kiberiti akainua uso.

"Alinong'ona, kama hataki usikie. Akasema, mama, tumbo linanichoma, mahali pamoja, jirani anataka kunipeleka hospitali na dada anasema tungoje. Nifanye nini? Mimi nilikuwa na mambo yangu jikoni. Nikamwambia, mwanangu, huyo ndiye aliyekulea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mama alijifuta uso kwa upindo wa nguo yake. "Nimekaa hapa mwezi mzima naogopa utakuja kuniuliza kwa nini hakwenda. Kumbe hukujua. Akacheka kidogo, mtoto yule. Akasema, haya, mama."